Namba za Butoyi

Maabara, Hospitali ya Wilaya
Mpanda
14 Mei 1996

Sista Odeta,

Hatujawahi kuonana, lakini jina lako nalijua. Liko juu ya kifuniko cha boksi la chanjo, kwa herufi kubwa: MALI YA ODETA, USIKALIE. Kila Bartolomeo akirudi na gari la chanjo kutoka Mishamo nalisoma, na kila mara namkuta amelikalia.

Nakuandikia kwa ajili ya mtoto wa huko kwenu, Butoyi, wa kike, aliyezaliwa tarehe 4 Februari. Unamkumbuka bila shaka, maana wewe ndiye uliyemzalisha na kumwandikia rufaa: alizaliwa na uvimbe kama chungwa kwenye kifandugu, pale uti wa mgongo unapoishia. Mwezi Machi alipasuliwa katika hospitali ya rufaa huko Dar es Salaam, uvimbe ukatolewa, akarudi nyumbani. Sasa daktari aliyempasua anataka damu yake ipimwe kila mwezi mpaka atimize mwaka. Anasema uvimbe wa aina hii wakati mwingine huacha mbegu ndani, na ukirudi, unarudi na hasira.

Ngoja nikueleze kinachopimwa, maana hata mimi nilikuwa sikijui, nimelazimika kusoma. Mtoto akiwa tumboni, ini lake hutengeneza protini fulani kwa wingi sana. Akishazaliwa, ini linaacha kidogo kidogo, na protini hiyo inapungua kwenye damu mwezi hadi mwezi, mpaka karibu kwisha. Uvimbe mbaya wa kifandugu nao unaitengeneza protini hiyo hiyo. Kwa hiyo namba ikishuka kila mwezi, tulale usingizi. Ikigeuka na kupanda, kuna kitu kinakua mahali ambapo macho yetu hayafiki. Mimi jambo hili limenikosesha usingizi kwa siku tatu, kwa jinsi linavyonipendeza.

Kazi yetu ni ndogo. Wewe utatoa damu siku ya gari la chanjo, Bartolomeo ataileta kwenye barafu. Mimi nitaizungusha kwenye mashine, nichote yale maji ya juu, niyatie kwenye chupa ya chai yenye barafu, yapande treni mpaka Tabora na kwenda Dar. Mashine ya kusoma namba iko huko kwao. Mimi ni kituo cha njiani tu, ila ni kituo chenye maswali. La kwanza: huko kijijini watu walisemaje walipouona ule uvimbe? Kuuliza si ujinga.

Wako katika kazi,
Leodgar, fundi maabara

*

Zahanati ya Mlimakware
Makazi ya Mishamo
23 Mei 1996

Ndugu Mtaalamu,

Boksi ni langu na bado naomba lisikaliwe.

Tyubu ya Butoyi imo ndani. Usihofu kuhusu majina: asubuhi ya siku ya gari naandika majina kwenye plasta za tyubu zote kabla foleni haijaanza, kisha kila mtoto akifika, plasta yake inamsubiri. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofanya kwa chanjo tangu mwaka themanini na tano.

Umeuliza watu walisemaje. Walisema mtoto ana mkia. Walisema mama yake, Prisila, alikalia kinu akiwa na mimba. Mmoja alisema asinyonyeshwe, Mungu atajua la kufanya. Prisila aliwaacha na maneno yao. Alikwenda kwa Mkuu wa Makazi kuomba kibali cha kusafiri, maana sisi wakimbizi hatutoki hapa bila karatasi, akakaa mlangoni siku tisa. Siku ya kumi akapewa. Mumewe Audace akabaki na shamba la maharage.

Leo amekuja na mama mkwe wake, Bibi Esteria. Bibi alisimama mlangoni na mjukuu mwingine mgongoni, akaitazama sindano yangu kama mtu anayepimiwa mahindi kwa debe lenye shimo. Nilimchoma mtoto mara tatu ndipo nikapata mshipa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Bibi akasema maneno kwa Kirundi ambayo sitakuandikia. Ni maneno ya wazee tu.

Je, hakuna njia ya kupima kwa damu kidogo zaidi?

Odeta, muuguzi mkunga

*

Mpanda
9 Julai 1996

Sista Odeta,

Majibu mawili yamefika kwa pamoja. Damu ya Mei: 96. Damu ya Juni: 61. Zote ni sawa kwa umri wake, na la maana zaidi, zinashuka!

Nimebandika karatasi ya grafu ukutani, juu ya meza ya hadubini. Nimeweka nukta mbili na kuziunga kwa penseli. Bosi wangu ameuliza hii ni bei ya nini. Nikamwambia ni mtoto anateremka mlima.

Damu kidogo zaidi, samahani, haitoshi. Ila uliandika kwenye karatasi uliyoifunga na tyubu ya Juni kwamba safari ile alitulia, mshipa ukaonekana mara moja, hata machozi hayakudondoka. Kumbe amezoea! Mtoto wa miezi minne! Mimi nina miaka thelathini na minne, nachoma watu kutwa nzima, na siku niliyochomwa mimi nilianguka chini. Walioshuhudia bado wako hapa na wananicheka.

Leodgar

*

Mlimakware
25 Julai 1996

Ndugu Leodgar,

Hajazoea. Leo amelia kuliko Mei, na mshipa umenitoa jasho. Watoto wana siku zao.

Kuna jambo lingine. Prisila anasema Butoyi anapata taabu kwenda choo, anajikamua mpaka anakuwa mwekundu. Nimemwambia ni uji alioanzishwa, aongeze maji na maziwa ya titi. Nakuandikia kwa sababu unapenda kujua kila kitu. Kama grafu yako ina la kusema, iseme mapema.

Asubuhi nilimkuta Prisila amekaa chini ya kibanda cha mizani kabla sijafungua mlango. Aliniuliza: "Dada, ile namba ikipanda, watamkata tena?" Nikamwambia haitapanda. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Odeta

*

Mpanda
10 Septemba 1996

Sista Odeta,

Haraka haraka, Bartolomeo ananipigia honi. Majibu ya Julai na Agosti yamefika leo kwa bahasha moja. Agosti: 14. Safi kabisa kwa mtoto wa miezi sita na nusu! Julai iliruka kidogo, lakini daktari ameandika kwamba huenda tyubu ilipata joto njiani, na kwamba kwa namba hii ya Agosti hana wasiwasi tena. Maneno yake: "Mtoto amepona. Vipimo visimamishwe." Mwambie mama yake leo hii, usingoje kesho.

Leodgar

*

Mlimakware
16 Septemba 1996

Kaka Leodgar,

Nilimwambia akiwa shambani. Alikaa chini katikati ya matuta ya mihogo akafunika uso kwa khanga, nikadhani anaumwa. Kumbe anacheka.

Jana kanisani mwinjilisti alitangaza. Audace alipika pombe ya ndizi, na hao waliosema mkia ndio waliokunywa zaidi. Nilikutaja mbele ya watu: kuna fundi Mpanda aliyekuwa akihesabu damu ya mtoto huyu ukutani. Bibi Esteria amekutumia kuku, jike, mweusi, yuko na Bartolomeo, miguu imefungwa. Anasema umle mwenyewe, usimpe bosi.

Nimefurahi, Kaka. Wagonjwa wetu wengi wakitoka hapa na rufaa hatusikii tena habari zao. Huyu tumesikia.

Odeta

*

Mpanda
19 Septemba 1996

Dada Odeta,

Kuku sijamchinja. Nimemfunga kwenye mguu wa kitanda, na nitakueleza kwa nini.

Siku ile nilikuandikia na honi masikioni. Gari lilipoondoka nilirudi ndani, nikaweka nukta mbili mpya kwenye grafu. Mei 96, Juni 61, Julai 124, Agosti 14. Tazama hizo namba. Mtoto mzima hushuka tu. Mtoto ambaye ugonjwa umemrudia hupanda tu, mpaka atibiwe. Huyu wetu anashuka, anapanda, anaporomoka, na hakuna dawa aliyopewa. Hakuna mtoto wa namna hiyo kwenye kitabu changu. Daktari anasema joto. Lakini nimesoma kwamba joto likiharibu protini, namba hushuka, haipandi. Sasa Julai ilipandaje?

Mwalimu wangu wa Tabora alikuwa na sheria moja: usimwage donge la damu mpaka jibu lirudi. Mimi huchota maji ya juu na kuyatuma Dar, donge jekundu linabaki kwenye friji yangu. La Julai limeshaharibika. La Agosti bado linasomeka. Kundi la damu naweza kulipima mwenyewe hapa mezani, matone mawili ya dawa na kigae. Nikalipima. Ni kundi A. Nikarudia mara tatu. A, A, A.

Karatasi ya kutoka hospitali, ambayo nakala yake ninayo, inasema Butoyi ni kundi B.

Dada, damu uliyoniletea Agosti si ya Butoyi. Na kama ile namba nzuri si yake, namba yake ni ipi? Nahofia ni ile ya Julai, na kwamba sasa imeshapanda zaidi. Je, siku ile kulikuwa na tyubu nyingine mezani kwako? Huenda plasta zilibadilishana. Naomba damu nyingine, haraka.

Leodgar

*

Mlimakware
24 Septemba 1996

Ndugu Leodgar,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Tarehe 20 Agosti nilitoa damu ya mtoto mmoja tu hapa zahanati. Mmoja. Tyubu ilikuwa moja na plasta ilikuwa moja. Daftari lipo, njoo ulitazame. Miaka kumi na moja nachanja watoto wa makazi haya na sijawahi kubadilisha hata kadi, achilia mbali damu. Labda friji yako ndiyo imechanganya, na kuku naye kwenye mguu wa kitanda.

Halafu umefikiria hili? Mtoto huyu alipasuliwa. Si waliongezea damu ya mtu mwingine? Kundi A litakuwa limetoka huko.

Unaniomba niende kwa Prisila kumwambia nini? Kwamba tuliyotangaza kanisani tuliota? Mwanamke huyu tangu Februari hajalala usiku kucha hata mara moja, sasa amelala siku kumi mfululizo. Daktari aliyesoma kuliko mimi na wewe amesema mtoto amepona. Chinja kuku.

Odeta

*

Mpanda
28 Septemba 1996

Dada Odeta,

Nastahili uliyoyasema. Nimeandika vibaya, kana kwamba mkono wako ndio ulikosea. Nisamehe. Kama mtoto alikuwa mmoja na tyubu moja, basi plasta hazikubadilishana, na nakuamini.

Damu ya kuongezewa huisha mwilini ndani ya miezi minne hivi. Machi mpaka tarehe 20 Agosti ni mitano hivi. Na wasingeweza kumwekea A mtu wa kundi B, angekufa mezani. Kwa hiyo swali limebaki pale pale, tena limenoa meno.

Juzi nilikuwa napima makohozi ya mzee mmoja wa huko kwenu, Mrundi, mpole, anapenda mazungumzo. Akaitazama grafu akasoma jina juu yake. Akaniuliza: "Na Bukuru wake hajambo?" Nikamwuliza Bukuru ndiye nani. Alinitazama kwa huruma, Dada. Akasema kwetu mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, hata mtoto mdogo anajua.

Mimi nimesoma Tabora! Nikisikia mtu anaitwa Doto, nauliza Kulwa yuko wapi kabla hata sijamsalimu. Miezi mitano naandika Butoyi, Butoyi, na sijauliza jina hilo lina maana gani, mimi ninayejisifu kwa kuuliza. Na wewe hukuniambia, kwa sababu nani humwambia mtu kwamba maji yanalowesha?

Naomba jambo moja tu. Nenda nyumbani kwao. Usichukue sindano. Mwulize mama kwa upole, kisha mfunue mtoto utazame kovu. Kama nimekosea, nitamchinja kuku na kukutumia paja.

Leodgar

*

Mlimakware
4 Oktoba 1996

Kaka Leodgar,

Hukukosea.

Nilikwenda jana jioni. Prisila alikuwa anapepeta, watoto wote wawili wako kwenye mkeka, gauni moja, kofia moja, uso mmoja, ingawa ukitazama vizuri masikio yao si sawa. Nikasema, Prisila, ile Agosti uliniletea nani? Hakushtuka. Akasema, "Agosti ilikuwa zamu ya Bukuru."

Zamu, Kaka! Mei Butoyi, Juni Bukuru, Julai Butoyi, Agosti Bukuru.

Bibi Esteria akatoka jikoni akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Kwetu mapacha hawatenganishwi kwa jambo lolote. Ukimpa mmoja nguo, mpe na mwenzake. Ukimpa mmoja dawa, mwenzake alambe. Usipofanya hivyo, aliyeachwa hukasirika akaondoka. Machi, Butoyi alipopelekwa kupasuliwa, Bukuru alibaki hapa na bibi, ananyonyeshwa na shangazi. Aligoma kunyonya siku nne. Macho yalizama, walishaanza kumlilia. Hilo nililiona mwenyewe, nilimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Kwa hiyo siku ile ya Mei, nilipomchoma Butoyi mara tatu, bibi alisema yale maneno niliyokataa kukuandikia: "Huyu leo amekunywa uchungu wake. Mwezi ujao si zamu yake." Nilisikia, nikafikiri ni hasira ya mzee.

Nikamwambia, Bibi, mmetudanganya. Akasema, "Nimemdanganya nani? Walilala tumbo moja, wakanyonya mama mmoja. Damu yao ni moja. Ulitaka damu, nikakupa damu." Na Prisila naye aliamini hivyo. Wala hawakuficha kitu. Aliyekuwa mlangoni na mjukuu mwingine mgongoni nilimwona kwa macho yangu kila mwezi.

Mwenye kosa ni mimi. Mapacha hawa niliwazalisha kwa mikono hii. Lakini plasta ilikuwa imeshaandikwa tangu asubuhi, mtoto akaletwa amefungwa mpaka shingoni, nikachukua mkono uliotolewa. Sikumfunua hata mara moja. Kovu lina urefu wa kidole changu, Kaka, na mimi nilitazama plasta.

Nilimpima Butoyi pale pale kwenye mkeka kwa kidole chenye glavu, kupitia njia ya haja kubwa. Ndani, mbele ya kifandugu, kuna kitu kigumu kama kunde. Ule uji sikuwa na haki ya kuusingizia.

Nilipotoa kidole, Prisila alikuwa ananitazama usoni. Sikuhitaji kumwambia. Alisema tu, "Kwa hiyo ile ya kanisani haikuwa yake." Nililia mbele yake, jambo ambalo muuguzi hafanyi.

Tyubu mbili zimo kwenye boksi. Yenye uzi mwekundu ni Butoyi. Kesho nakwenda mwenyewe kwa Mkuu wa Makazi kukaa mlangoni. Sitakaa siku tisa.

Odeta

*

Mpanda
13 Oktoba 1996

Dada Odeta,

Uzi mwekundu ni B. Ile nyingine ni A. Sikungoja majibu ya namba, nilimpigia daktari simu posta siku hiyo hiyo. Aliniambia nirudie makundi yote mawili. Kisha akasema, "Waje, kitanda kipo." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia ni kwa penseli na jina la mtoto.

Jana nilikwenda stesheni kuwaaga. Nilitegemea kumwona Prisila na mtoto mmoja. Nikakuta kijiji: Prisila ana Butoyi, Bibi Esteria ana Bukuru, mabunda mawili, sufuria, na vibali viwili. Ulifanyaje kumpatia na bibi kibali? Siku mbili! Bartolomeo anasema ulikaa mlangoni kwa Mkuu na vitabu vyako vya chanjo, ukawa unamsomea kwa sauti.

Bibi alinitazama toka juu hadi chini. Akauliza, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu: "Wewe ndiye mwenye ukuta?" Nikasema ndimi. "Na kuku?" Nikasema anataga. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniambia jambo ambalo nimelala nalo: "Mngeniuliza, ningewaambia. Mliniomba mkono, nikawapa mkono."

Niliwashika wote wawili kabla treni haijaondoka, mmoja kila upande. Butoyi ana uzito mdogo zaidi. Nilikuwa namfahamu mtoto huyu kwa namba tu, na kumbe ana tabia ya kushika pua za watu. Naogopa, Dada. Karibu miezi mitatu tumempotezea, kuanzia Julai, na kila mwezi kile kitu kilikuwa kinakula.

Leodgar

*

Dar es Salaam
29 Desemba 1996

Kwa dada Odeta,

Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Ninaandika mwenyewe, usicheke mwandiko.

Walimpasua tarehe 22 Oktoba, wakatoa kile kitu na mfupa wa kifandugu wote. Namba yake tulipofika ilikuwa 530. Bukuru ilikuwa 8. Daktari ametuonyesha. Sasa anapata dawa kali ya mshipani kila wiki ya tatu, anatapika, halafu anataka kucheza. Wameniambia hawaahidi kitu. Namshukuru anayesema hivyo kuliko anayeahidi.

Mwanzoni wauguzi walikataa Bukuru alale wodini, maana si mgonjwa. Mama mkwe akakaa naye kwenye sakafu ya varanda siku mbili. Wakachoka, wakampa kona.

Nywele za Butoyi zimetoka zote. Asubuhi iliyofuata nikakuta mama mkwe amepata wembe, amemnyoa na Bukuru. Sasa tena siwatofautishi kwa nyuma mpaka niwafunue. Nilicheka mpaka muuguzi akaja.

Msalimie Audace, mwambie maharage asiuze yote.

Prisila

*

Mpanda
17 Juni 1997

Dada Odeta,

Bahasha imefika leo. Nimeifungua nimekaa chini, maana najijua.

Tangu wamalize dawa na kurudi mwezi Machi umeniletea tyubu mbili kila mwezi na mimi nikazituma zote mbili, ingawa daktari aliuliza kwa nini tunampima mtoto asiyeumwa. Nilimwambia ni sharti la hospitali yetu. Sikusema hospitali hiyo inaongozwa na Bibi Esteria.

Aprili, Butoyi 31, Bukuru 5. Mei, Butoyi 11, Bukuru 4. Na za mwezi huu: Butoyi 4. Bukuru 4.

Nimechora mistari miwili kwenye grafu, mmoja wa penseli nyekundu. Umepanda mpaka nikagundisha karatasi ya pili juu, ukashuka, ukashuka, na leo umemkuta mwenzake. Bosi wangu ametazama na hakuuliza bei ya nini.

Daktari anasema tuendelee kupima miaka miwili, na safari hii simwachii mtu neno "amepona" mpaka ipite hiyo. Lakini naomba umpelekee bibi karatasi hii, aione kwa macho yake.

Leodgar

*

Mlimakware
25 Juni 1997

Kaka Leodgar,

Nimempelekea. Alikuwa anachambua maharage, watoto wanayamwaga upande wa pili. Wanatembea sasa, wote wawili, Butoyi kwa kuyumba kidogo. Nilimwonyesha bibi mistari, nikamsomea namba: nne, na nne. Aliniomba nirudie. Nikarudia.

Akaifuta mikono, akasema: "Miezi yote hii na treni yote hiyo. Si niliwaambia damu yao ni moja?"

Nikamwachia karatasi. Prisila alikuwa nyuma yangu, nikasikia anacheka, kisha hacheki tena, analia, kisha ni vyote viwili kwa pamoja. Nikakaa naye mpaka akamaliza.

Kuhusu kuku, bibi anasema kama bado anataga usimchinje, ila ukimchinja, umle mwenyewe.

Tyubu mbili zimo ndani ya boksi. Siku hizi asubuhi siandiki plasta. Nimewafunua kwanza, mmoja mmoja, nimetazama kovu, nimeliwekea kidole, ndipo nikaandika.

Dada yako,
Odeta